Tamthilia ya "Marco Polo": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tamthilia hii inapotajwa, maswali yanayofuata ni yaleyale: ilikwisha kweli, yule kipofu alikuwepo, Marco alifika kwetu Zanzibar? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Ukiwa hujaiangalia, soma sehemu ya kwanza tu, kwa sababu kuanzia sehemu ya pili baadhi ya majibu yanafichua yanayotokea mbele.

## Ya msingi

"Marco Polo" inayozungumzwa hapa ni ipi?

Ni ile ya Netflix, iliyobuniwa na John Fusco na kutoka tarehe 12 Desemba 2014. Inamfuata kijana wa Venice anayefika kwenye baraza la Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, katika karne ya 13, wakati Kublai anapigania kuimaliza China ya kusini iliyokuwa bado chini ya watawala wa Song. Kuna nyingine ya mwaka 1982 ambayo watu wengi wa makamo wanaichanganya na hii. Ina jibu lake mwishoni. Alama rahisi ya kuzitofautisha: ukimwona Marco akifundishwa kupigana na mtawa kipofu, uko kwenye ya 2014.

Ina sehemu ngapi, na niiangalie kwa mpangilio gani?

Ina misimu miwili yenye sehemu 10 kila mmoja. Katikati yake kuna filamu fupi, "One Hundred Eyes", iliyotoka tarehe 26 Desemba 2015, inayoeleza jinsi yule mtawa alivyopofushwa na kuletwa kwa Khan. Maliza msimu wa kwanza, angalia filamu hiyo, kisha ingia msimu wa pili uliotoka tarehe 1 Julai 2016. Wengi huiruka kwa kuwa haimo kwenye hesabu ya misimu. Usiiruke, kwa sababu chuki nyingi za msimu wa kwanza zinaeleweka vizuri zaidi ukishaiona.

Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, Netflix ilifunguliwa Januari 2016, kwa hiyo waliosubiri njia halali walivipata msimu wa kwanza na filamu fupi kwa pamoja.

Naweza kuiangalia na watoto?

Hapana. Vichwa vinakatwa, watu wanateswa, na kuna matukio mengi ya uchi, hasa kwenye nyumba ya masuria wa Khan. Hayo yanaanza mapema, na yametapakaa kiasi kwamba huwezi kusema utaruka dakika mbili tatu. Kwa sebule yenye watoto, tafuta ile ya 1982.

Ilipigwa wapi?

Msimu wa kwanza ulipigwa Italia, Kazakhstan na Malaysia. Nyika unazoziona zikinyooka hadi upeo wa macho ni za Kazakhstan, na majumba mengi ya kifalme yalijengwa kwenye studio za Johor, Malaysia. Kiti cha enzi, mapazia na silaha zinaonyesha mahali fedha zilipoelekea: msimu huo uliripotiwa kugharimu takriban dola milioni 90.

Msimu wa tatu utatoka lini?

Hautatoka. Netflix ilitangaza kuisitisha tarehe 12 Desemba 2016, miaka miwili kamili tangu ianze. Jarida la Hollywood Reporter liliripoti kwamba misimu hiyo miwili iliiletea kampuni hasara ya takriban dola milioni 200. Trela za "msimu wa 3" zinazozunguka mtandaoni zimeungwa na mashabiki kutoka vipande vya zamani. Inauma, kwa sababu msimu wa pili uliacha milango wazi kana kwamba waandishi walikuwa na hakika ya kurudi.

## Wahusika

Mbona Marco ndiye steringi lakini Khan ndiye anayebeba tamthilia?

Kwa sababu kwa haki yake hii ni tamthilia ya Kublai. Benedict Wong, ambaye wengi wanamfahamu kama Wong wa filamu za Marvel, anacheza mtu mzito anayeugua jongo, anayetaka kuitwa mfalme wa China na bado aheshimiwe na Wamongolia wanaomwona amelainika. Lorenzo Richelmy, Mwitaliano aliyecheza Marco, hana mzigo wa namna hiyo. Kazi yake kubwa ni kutazama na kuulizwa ameona nini.

Walioikosoa tamthilia waliliona hilo kuwa udhaifu. Mimi naona ndipo inapokaribia ukweli zaidi. Ukifungua kitabu kilichotokana na safari za Marco, yeye mwenyewe haonekani sana: unaonyeshwa miji, bei, mito na desturi, na anayekuonyesha amekaa pembeni. Kitabu kinasema Khan alimpenda kwa sababu wajumbe wengine walirudi na jibu la walichotumwa tu, ilhali Marco alirudi na habari za nchi nzima aliyopita. Matukio ambamo Kublai anamwita na kumwambia aeleze alichokiona ndiyo bora ya tamthilia yote. Upanga aliopewa baadaye ni wa waandishi.

Macho Mia, yule mtawa kipofu, alikuwepo?

Hapana, amebuniwa. Tom Wu anamcheza vizuri hadi watu wanatafuta kaburi lake, lakini historia haina mtu huyo.

Na binti wa Kaidu, yule mpiga mieleka?

Huyo alikuwepo. Khutulun, anayechezwa na Claudia Kim, alikuwa binti wa Kaidu kweli. Kitabu cha Marco kinamsimulia kwa jina la Aigiarne: kila aliyetaka kumwoa alitakiwa kushindana naye mieleka na kuweka rehani farasi 100, na walioshindwa naye walikuwa wengi hata akakusanya zaidi ya farasi 10,000. Hesabu hiyo ina chumvi ya masimulizi, lakini umaarufu wake vitani haukutegemea Marco peke yake. Rashid al-Din, mwanahistoria wa Kiajemi aliyeishi zama hizohizo, naye alimwandika.

Kaidu mwenyewe ndiye mpinzani ambaye Kublai hakummaliza. Alitoka ukoo wa Ögedei, Khan Mkuu wa pili, na aliona kiti kimechukuliwa na tawi lisilostahili. Kublai alikufa 1294, na Kaidu akaishi hadi 1301.

Ahmad alikuwa mwanawe Kublai?

La. Tamthilia imemfanya mtoto wa kulelewa anayekula njama dhidi ya baba. Ahmad halisi alikuwa Mwislamu kutoka Fanakat, Asia ya Kati, na alipanda hadi kushika hazina ya dola. Alichukiwa kwa kodi na kwa kujilimbikizia mali, akauawa Khanbaliq (Beijing ya leo) mwaka 1282 na waliokula njama Khan akiwa mbali na mji. Kublai aliwaua wauaji kwanza, kisha alipochunguza mali za Ahmad akageuka na kuamuru maiti yake ifukuliwe na kudhalilishwa. Mambo kama hayo yangetosha msimu mzima bila kuongezwa chochote.

Yule waziri wa Song anayepigana kama vunjajungu ni wa kweli?

Jia Sidao alikuwa kansela kweli, na mapenzi yake ya nyenje wa kupiganisha ni ya kihistoria. Kupigana ndiko kulikobuniwa. Baada ya jeshi lake kushindwa mwaka 1275 alivuliwa madaraka na kufukuzwa, na akauawa njiani na ofisa aliyemsindikiza.

Kublai alimkata kichwa mdogo wake?

Hapana. Ariq Böke na Kublai walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1260. Ariq alijisalimisha 1264 na akafa 1266 akiwa chini ya ulinzi. Wakati huo Marco alikuwa mtoto wa miaka 12 huko Venice. Pambano la ndugu wawili mbele ya majeshi yao linasisimua, na naelewa kwa nini liliandikwa, ila usilijibie mtihani.

## Tamthilia na safari yenyewe

Baba yake alimwacha kwa Khan kama dhamana?

Kitabu hakisemi hivyo. Niccolò Polo na nduguye Maffeo walikuwa wameshafika kwa Kublai safari ya kwanza, na Khan aliwatuma kwa Papa awaletee watu 100 wenye elimu pamoja na mafuta ya taa inayowaka kwenye kaburi la Yesu, Yerusalemu. Walirudi Venice 1269. Mwaka 1271 waliondoka tena, safari hii na Marco aliyekuwa na miaka 17. Papa mpya, Gregory X, aliwapa mapadri wawili badala ya 100, na hao wawili wakageuza njiani waliposikia vita. Akina Polo walifika kwa Kublai mnamo 1275, na wote watatu wakabaki huko miaka 17. Hakuna aliyetelekezwa.

Walipita njia gani? Tamthilia inaonyesha kidogo sana.

Kweli, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Safari iliyochukua miaka mitatu na nusu imefinywa mno ili tuwahi ikulu.

Walianzia Akka kwenye pwani ya Palestina, wakapita Ayas, Anatolia ya mashariki na Uajemi hadi Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba. Hapo walitarajiwa kupanda chombo kwenda India. Kitabu kinavilaumu vyombo vya Hormuz kwa maneno makali: havikupigiliwa misumari ya chuma, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na vingi vilizama. Wakageuka na kufuata nchi kavu. Msomaji wa Lamu au Pate atatambua mara moja kinachoelezwa, maana mitepe yetu ilishonwa vivyo hivyo na ilisafiri kwa karne nyingi. Mwana wa Venice aliyezoea misumari aliona upungufu. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliona mwili wa chombo unaonepa kwenye mawimbi badala ya kuvunjika.

Kutoka Hormuz walipanda Badakhshan, ambako kitabu kinataja ugonjwa wa Marco na jinsi hewa ya milimani ilivyomponya, wakavuka milima ya Pamir, wakashuka Kashgar na Khotan, wakapita jangwa la Lop. Kitabu kinasema jangwani humo anayebaki nyuma ya msafara usiku husikia sauti zikimwita kwa jina lake na kumpoteza njia. Halafu Gansu, halafu Shangdu, mji wa Khan wa majira ya joto. Mtayarishaji mwenye subira angepata humo sehemu tano nzuri.

Marco ndiye aliyeunda mitambo iliyoangusha kuta za Xiangyang, mji wa Song?

Hapana, ingawa kosa hili si la tamthilia peke yake. Kitabu chenyewe kinawapa akina Polo sifa hiyo. Lakini Xiangyang ilianguka mwaka 1273, nao walikuwa hawajafika. Mitambo ya kurushia mawe iliundwa na wahandisi wawili Waislamu, Ismail na Alauddin, waliotumwa kutoka Uajemi na Abaqa, mpwa wa Kublai. Wachina wenyewe waliiita mitambo ya Waislamu. Ningependa sana kuwaona watu hao wawili kwenye kioo. Walistahili angalau sehemu moja.

Na wale wauaji wa siri wa Uajemi, watu wa Mzee wa Mlimani?

Ngome yao ya Alamut, Uajemi, ilivunjwa na Hulagu, ndugu yake Kublai, mwaka 1256. Kitabu kinawasimulia kama habari za zamani.

Kama alikuwa mfanyabiashara, mbona hatumwoni akifanya biashara?

Swali zuri kuliko yote kwenye orodha hii. Familia ya Polo ilikuwa ya wafanyabiashara, na jicho la Marco ni la mtu aliyelelewa dukani: akiingia mji anataka kujua kinachouzwa, kinatoka wapi, kodi ni kiasi gani na sarafu ni ipi. Sura inayoeleza noti za karatasi za Kublai ni mfano mzuri. Zilitengenezwa kwa gamba la ndani la mforosadi, zikagongwa muhuri mwekundu, na aliyeghushi aliuawa. Wafanyabiashara waliofika na dhahabu, fedha na lulu walilazimika kuziuza kwa Khan na kulipwa karatasi. Kwa mtu wa Venice, karatasi kununua lulu ilikuwa ajabu kubwa kuliko joka. Anaeleza pia mawe meusi yanayochimbwa na kuchomwa kama kuni (makaa ya mawe), kodi ya chumvi, na vituo vya tarishi vyenye farasi waliokaa tayari kubadilishwa.

Tamthilia ilidhani mtazamaji atachoka na hayo ikampa Marco upanga. Sikubaliani nayo. Dola iliyotawala kwa tarishi, chumvi na karatasi inatisha kuliko dola ya mapanga matupu, na waigizaji wa kuibeba hadithi hiyo walikuwepo tayari.

Nini kilimpata Kokachin halisi, yule binti mfalme anayependana na Marco kwenye tamthilia?

Hakupendana na Marco, na hakuna kitu cha kihistoria kinachounga mkono ile siri ya utambulisho wake. Kökechin alikuwa bibi harusi aliyechaguliwa kuolewa na Arghun, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi, na akina Polo waliruhusiwa hatimaye kuondoka China kwa kumsindikiza. Kitabu kinasema walisafiri kwa majahazi 14 kutoka Quanzhou, wakakwama Sumatra miezi mitano wakingoja upepo ugeuke, na watu wengi mno walikufa njiani. Walipofika Uajemi, Arghun alikuwa ameshafariki, na binti akaolewa na mwanawe, Ghazan. Akina Polo waliingia Venice 1295.

## Maswali yenye mabishano

Marco alifika China kweli?

Naamini alifika. Wenye shaka, hasa baada ya kitabu cha mtafiti mmoja Mwingereza kilichotoka 1995, huuliza kwa nini hakutaja Ukuta Mkuu, chai, vijiti vya kulia wala miguu ya wanawake iliyofungwa. Kuhusu ukuta jibu ni rahisi: ule wa mawe na matofali tunaouona kwenye picha ulijengwa na utawala wa Ming baada ya zama zake. Mengine ni ya desturi za Wachina, naye aliishi zaidi kati ya Wamongolia na wageni waliowatumikia.

Upande wa pili kuna ushahidi mzito. Mwanahistoria Yang Zhijiu alionyesha mwaka 1941 waraka wa Kichina wa 1290 unaowataja wajumbe watatu wa Arghun, wale waliosafiri na Kökechin, kwa majina yaleyale yaliyomo kwenye kitabu. Waraka huo haumtaji Marco, lakini majina ya wajumbe wa safari ya kifalme hayakuwa ya kuokota sokoni Venice. Ongeza hapo maelezo yake ya noti na chumvi, ambayo watafiti wa uchumi wa Yuan (utawala wa Kublai nchini China) wameyalinganisha na kumbukumbu za Kichina na kuyakuta sahihi mno.

Ndiye aliyeleta tambi Italia?

Hapana. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 akiwa Sicily, alishaandika kwamba huko Trabia tambi zilitengenezwa kwa wingi na kusafirishwa nchi nyingine. Hiyo ni miaka 100 kabla Marco hajazaliwa.

Je, alifika Zanzibar?

Hakufika, ingawa kitabu kina sura juu ya "Zanghibar". Sura hiyo inasema ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000, watu wake wanaabudu sanamu, kuna tembo na twiga, na biashara ya pembe ni kubwa. Inawaelezea watu wetu kwa maneno ya dharau ambayo sitayarudia hapa.

Ipime kwa tunayoyajua. Unguja haikaribii ukubwa huo. Yaelekea jina la pwani nzima ya Zanj liligeuzwa kuwa la kisiwa kimoja. Kuhusu dini, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, karibu miaka 200 kabla ya kitabu. Sura ya Madagascar nayo imechanganywa na Mogadishu: inataja masheikh wanaotawala, nyama ya ngamia na tembo wengi, vitu visivyo vya Madagascar. Habari ya pembe za tembo ni sahihi, kwa sababu ndiyo habari ambayo mabaharia wa Hormuz na India walikuwa nayo kwanza.

Hapa ndipo tunapoweza kumwona Marco akifanya kazi bila macho yake. Alipoona mwenyewe, kama kwenye noti za Kublai, ni shahidi wa kuaminika. Aliposimuliwa, alibeba hata ndege anayenyanyua tembo. Anayetaka shahidi aliyekanyaga ardhi yetu amsome Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Marco halisi alikuwa na watumwa?

Ndiyo. Wasia wake wa Januari 1324 unamwacha huru mmoja aitwaye Petro, Mtatari. Tamthilia haikufika kwenye miaka hiyo ya Venice.

Ile ya 1982 ni bora?

Kwa safari, ndiyo. Iliongozwa na Giuliano Montaldo, Ken Marshall akiwa Marco na Ying Ruocheng, mwigizaji mkubwa wa Kichina, akiwa Kublai. Muziki ni wa Ennio Morricone. Sehemu yake ilipigwa China kwenyewe, jambo nadra kwa watayarishaji wa Magharibi wakati ule, na ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia fupi. Inakwenda polepole, na inaonyesha pia gereza la Genoa ambako Marco alimsimulia Rustichello wa Pisa yaliyokuja kuwa kitabu. Kwa siasa za ikulu, rudi kwenye ya 2014.

Ya zamani zaidi ni hadithi ya "Marco Polo" ndani ya "Doctor Who" ya BBC, sehemu saba za mwaka 1964. Kanda zake zilifutwa. Zimebaki sauti na picha mnato tu.

Kwa nini namba hutofautiana kila ninaposoma, hata humu?

Kwa sababu nakala asili haipo. Kitabu kilinakiliwa na kutafsiriwa kwa mkono, na yamebaki maandiko takriban 150 yasiyolingana. Mfano ni safari ya Kokachin: nakala moja inasema kati ya abiria 600, mbali na mabaharia, walinusurika 18, nyingine inasema 8. Ukikuta namba inayopingana na niliyoandika hapa, angalia kwanza mwandishi ametumia nakala ipi.